Maboksi saba chini ya kitanda

Kitanda changu kimepanda juu. Sisi tunaokaa chumba na sebule hapa Tandika tunaujua ujanja huo: unatia tofali chini ya kila mguu, unapata stoo. Wengine huweka masufuria ya shughuli, wengine mabegi ya nguo za baridi ambazo Dar hazivaliki. Chini ya kitanda changu mimi yamo maboksi saba ya riwaya, na mwandishi wake ni mimi. Haziuzwi. Nilizizuia mwenyewe wiki tatu baada ya kuzitoa kwa mchapaji, nikiwa bado nadaiwa na kikoba.

Dukani kwangu, ambako ni steshenari tu ya fotokopi na kuchapa barua, haupiti mwezi bila mtu kuniambia na yeye kwao kuna jambo. Babu aliyekuja mjini na jina lisilo lake, mtoto aliyeachwa mkoani, kaburi ambalo halitajwi. Anataka kuandika. Huwa namweleza haya kwa vipande vipande kati ya mteja na mteja. Leo nayaandika yote kwa mfululizo. Jina la ukoo wetu silitaji, na mbele utaona kwa nini. Shangazi yangu, ambaye habari hii ni yake kuliko yangu, ameniruhusu kwa sharti hilo.

Bibi alifariki 2017. Siku ya kuanua tanga wazee waligawa vitu vyake: kanga, vyombo, cherehani. Kasha lake la bati halikuwa na wa kulitaka kwa sababu kufuli lilishaliwa na kutu. Nikalichukua nikidhani litanifaa kuwekea karatasi. Nilipolivunja nikakuta cheti cha ubatizo cha baba, risiti za kodi ya jengo, na kadi moja ngumu, rangi ya mchanga, iliyokunjwa mara mbili. Juu ina jina la babu, lile lile tunalolitumia sote. Kabila, Mngoni. Namba ya kazi. Mwaka 1952. Chini yake miraba 30, na kila mraba una alama.

Ni kipande, kadi ya kazi ya mashamba ya mkonge. Mtu hakulipwa kwa mwezi wa kalenda. Alilipwa akishajaza siku 30 za kazi, na siku aliyolala na homa haikuhesabiwa. Walioletwa kutoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu karani alikujua kwa namba yako kwanza, jina baadaye. Nilikipiga picha kwa simu, nikakirudisha kwenye kasha. Picha hiyo nilikaa nayo miaka minane bila kuitazama vizuri.

Babu alikuwa seremala, Keko. Kwetu tulilelewa kuwa Wangoni. Misibani watani wa Wangoni walitufanyia vituko, tukacheka na kutoa hela. Na mwaka 1998 babu alipofariki, chama cha kuzikana cha watu wa Songea ndicho kilichombeba. Lakini Songea kwenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Ukimuuliza babu kwao hasa ni kijiji gani, alipuliza vumbi la randa na kusema, "Mbali."

Mwaka 2019 alikuja dukani mama mmoja mtu mzima kutoa fotokopi za fomu za mjukuu anayeanza chuo. Nikampa rundo lake, akaanza kulihesabu kwa sauti ya chini, kidole kikiruka kwenye kona za karatasi: rimwe, kabiri, gatatu, kane. Mikono yangu ikasimama juu ya mashine. Hivyo ndivyo babu alivyokuwa akihesabu misumari akiimimina kiganjani. Sisi watoto tuliamini kile ni Kingoni. Nikamuuliza, "Mama, hicho ni Kingoni?" Alicheka mpaka akatafuta benchi. "Kingoni gani, mwanangu? Kiha hiki. Mimi wa Kasulu."

Jumapili ile ile nikaenda kwa shangazi, Temeke. Yeye ndiye mkubwa wa watoto wa babu, amezaliwa 1951. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo hajawahi kuniita kwa jina, ananiita mama. Nikamkuta uani anachambua mchele. Nikamweleza habari ya kuhesabu, nikamwonyesha picha ya kipande. Hakuinua uso kwenye ungo.

"Baba alikuwa Muha, mama. Kipande kile kilikuwa cha mtu mwingine."

"Cha nani, Shangazi?"

"Cha marehemu. Basi."

Lile "basi" mimi nililichukulia kwamba habari imeisha. Kumbe kuna basi ya kumaliza na basi ya kufunga mlango, na ukitulia utazisikia hazifanani. Mzee akikwambia basi, usiandike kitu siku hiyo. Rudi wiki ijayo na kilo ya sukari, kaa, mzungumze bei ya samaki. Mimi nilirudi nyumbani, na usiku huo huo nikaanza sura ya kwanza.

Kutafuta nilitafuta, sana tu, ila kule ambako hapakuwa na mtu wa kunikasirikia. Nilikwenda Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, nikashinda kwenye mafaili ya idara ya kazi ya wakati wa Mwingereza. Nikajifunza kwamba kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyokuwa ikichukua watu Kigoma na kwingineko na kuwaleta kwa treni. Reli ilishafika Kigoma tangu 1914. Nikajifunza pia kwamba kutoroka mkataba hakukuwa ugomvi wa mtu na bosi wake. Kulikuwa kosa la kushtakiwa. Hapo nikaona kwa nini mtu angetaka jina jingine.

Jina la Muha mmoja aliyetoroka sikulipata, na ukienda kule ukitegemea kumkuta babu yako kwenye orodha utarudi umenuna. Nenda kutafuta mazingira yake: sheria, posho, kambi zilikuwaje. Na andika namba ya faili pembeni ya kila unachonakili. Mimi sikuandika, ikanibidi nirudi mara mbili kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Mwaka 2021 nikapanda basi stendi ya Magufuli, Mbezi, mpaka Morogoro, halafu gari jingine mpaka Kimamba, wilaya ya Kilosa. Mzee mmoja pale aliniuliza, "Babu yako alikuwa shambani au korona?" Mwaka ule, na barakoa ninayo kidevuni! Nikamjibu hapana, babu alikufa zamani kwa presha. Akanitazama kwa huruma. Kumbe korona ni mtambo wa kukamua majani ya mkonge yabaki singa. Watu wa mkonge walikuwa wakiuita hivyo miaka mingi kabla ya ugonjwa kuja. Kitu kama hicho hukipati kwenye faili, na ndicho kilichonipa sura ninayoipenda hadi leo. Safari ilinigharimu 180,000, pamoja na malazi ya siku mbili na soda za wazee.

Kuandika kwenyewe kulichukua miaka miwili ya usiku, baada ya kufunga duka. Mwishoni mwa 2023, wakati wa mgao wa umeme, kompyuta ilizimika ghafla ikanilia sura tatu nzima. Tangu siku hiyo kila ninachoandika najitumia kwa barua pepe kabla sijanyanyuka kwenye kiti. Fanya hivyo, hata kama umeme wa kwenu haukatiki.

Sasa makosa yenyewe.

La kwanza, nilidhani kubadilisha majina ni kuficha. Temeke nikaifanya Ilala, seremala nikamfanya fundi cherehani, shangazi watatu nikawafanya wawili. Lakini kigoda sikuweza kukiacha. Babu alimtengenezea kila mjukuu aliyezaliwa kigoda cha miguu mitatu, na chini ya kalio alichonga msalaba mdogo ambao mkono wake wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Kilikuwa kitu kizuri mno kukitupa. Sasa ukoo mzima una vigoda hivyo ndani. Binamu yangu alifika ukurasa wa tisa tu, akanipigia simu: "Dada, fundi cherehani gani anachonga vigoda? Hiki si changu?" Ndugu yako hamtambui mtu kwa jina. Anamtambua kwa kikohozi chake, kwa kikombe chake, kwa namna anavyokunja shuka. Ukiacha kimoja tu cha hivyo, umeweka picha ya paspoti.

La pili ndilo lililonimaliza. Pale nilipokuwa sijui, nilitunga, na nilitunga upande wa ubaya kwa sababu ubaya unasomeka. Nilijua mambo mawili tu: babu alikuwa Muha, na kipande kilikuwa cha marehemu. Katikati nikaweka kambi ya usiku, Mngoni analala na homa kali, pumzi bado zinamtoka, na Muha anaingiza mkono kwenye mfuko wa kaptula ya mgonjwa, anachukua kadi, anapotelea kwenye mkonge. Nililia nikiiandika sura hiyo. Nikayachukulia machozi yangu kuwa ushahidi.

Wahariri walikuwa wawili. Wa kwanza nilimlipa 400,000, akanirekebishia herufi kubwa na nukta. Kazi yake aliifanya, ila mimi sikujua kwamba kusahihisha na kuhariri ni kazi mbili. Kabla hujatoa hela, mwombe mhariri akufanyie kurasa kumi, uone kama anagusa hadithi au anagusa mikato tu. Wa pili, mama mmoja mwalimu mstaafu, alichukua 700,000 na zilimstahili. Alianza kwa kukata sura nzima niliyoandika juu ya Mjerumani Richard Hindorf, yule aliyeleta miche ya mkonge mwaka 1893, ikafika hai miche 62 tu. Niliona uchungu. Pembeni akaandika: "Hii umejifunza, hukuisikia." Halafu kwenye sura ya kambi akaandika swali moja kwa penseli: "Huyu aliyekufa hana hata mtu mmoja wa kumlilia?"

Sikulijibu. Nilikuwa nimechoka, nataka kitabu.

Wachapishaji wawili niliowafuata waliniambia kwa upole kwamba wao wanaishi kwa vitabu vya shule. Nikaamua kuchapa mwenyewe. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nenda mwenyewe, usimpe mtu wa katikati hela akuendee. Hakimiliki nilisajili COSOTA. Sheria ya 1999 inakulinda tangu umeshaandika, lakini usajili unakusaidia siku ya kubishana. Nilitoka pale na karatasi ya kuthibitisha kwamba habari ile ni yangu. Ina muhuri kabisa.

Mchapaji nilimpata Kariakoo: nakala 300, kwa 5,800 kila moja. Jalada 150,000. Ukijumlisha na wahariri wawili na safari ya Kimamba ni 3,170,000, na kati ya hizo 1,500,000 nilikopa kikoba. Kabla hajachapa zote nilidai nakala moja ya mfano, nikaisoma neno kwa neno. Hilo nililifanya vizuri. Hata hivyo zilipokuja, nakala 14 zilikuwa na ukurasa wa 97 hadi 112 mara mbili. Akazibadilisha bila kelele, kwa sababu tulikuwa tumeandikiana kwenye risiti kwamba zenye kasoro zitarudi. Usipoandikiana utaambiwa karatasi ndivyo zilivyo.

Nikapanga bei 15,000. Wiki ya kwanza nikauza nakala 41, nyingi kwa watu wa mtaani na wa kanisani. Moja nikampelekea shangazi, na kitenge juu yake. Niliandika ndani: Kwa Shangazi, aliyenifungulia mlango.

Macho ya shangazi yana mtoto wa jicho, kwa hiyo mjukuu wake wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa akimsomea jioni baada ya kazi za shule. Siku tano hakunipigia. Siku ya sita, Jumamosi ya Machi 2025, nikaenda mwenyewe. Nikamkuta pale pale uani, mkekani, na kitabu kiko miguuni kwa kijana.

"Msomee pale," akamwambia. Kijana akafungua ukurasa wa 187, ulikuwa umekunjwa kona. Akasoma: "Jina tulilobeba halikuwa la mtu yeyote kati yetu."

"Nani kasema?" shangazi akaniuliza.

"Ni kitabu, Shangazi. Mhusika ndiye anayesema."

"Huyo mhusika ni nani?"

Nikatafuta jibu, sikulipata. Shangazi akamtuma kijana dukani akanunue kiberiti. Kiberiti kilikuwapo, nilikiona pembeni ya jiko la mkaa. Mlango wa uani ulipofungwa akasema, "Mimi ni mtoto wa mwenye kipande."

Alisema kwa sauti ile ile ya kuagiza kiberiti. Bibi, Msagara wa huko huko Kilosa, aliolewa kambini na yule Mngoni. Shangazi akiwa bado ananyonya, baba yake akashikwa na homa, akafa kipande chake kikiwa na siku 19. Na kipande kisichojaa hakilipwi. Kulikuwa na Muha, ametoroka mkataba wake shamba jingine, wao ndio waliokuwa wanamficha. Huyo Muha akaingia shambani siku 11 kwa jina la marehemu, ili mjane apate hela ya kipande. Mnyapara aliona. Akanyamaza, watu walikuwa hawatoshi. Siku ya malipo karani aliita jina, Muha akaitika. Akaendelea kuliitikia mpaka 1998. Kadi ile ilitakiwa ibaki kwa karani. Bibi alimpa kuku airudishe.

"Sasa wewe," shangazi akasema, "baba aliyenilea umemfanya mwizi wa maiti. Na baba aliyenizaa umemfanya mtu asiye na mtoto."

Nilipofika nyumbani nikafungua ile picha ya 2017, nikaivuta kwa vidole viwili. Miraba ya mwanzo ina mistari ya penseli, imepauka. Nikahesabu, 19. Iliyobaki 11 ina alama za wino wa bluu, mkono mwingine, umelalia kushoto. Miaka minane nimetembea nayo mfukoni. Kwenye riwaya nimeandika hata "miraba 30 iliyojaa kwa penseli". Na swali la mwalimu mstaafu, kwamba marehemu hana wa kumlilia, lilikuwa limekaa pembeni ya ukurasa wangu muda wote huo. Kama kuna jambo moja la kiufundi ninalolijua baada ya haya yote ni kwamba mhariri akiona tundu kwenye hadithi iliyotoka kwenu, tundu hilo liko nyumbani pia. Kamuulize mwenye nyumba kabla hujaliziba kwa ubunifu.

Kesho yake nikapita kwenye meza zote nilizoweka nakala, nikazikusanya. Zile 41 haziwezi kurudi.

Yaliyofuata nyumbani sitayasema yote. Baba mdogo alikuwa amesoma sura mbili, akaja dukani mbele ya wateja akaniuliza kama watoto wake sasa waitwe nani, na vyeti vyao vya kuzaliwa, na paspoti. Nililipa 50,000 kwa wakili kumsikiliza akisema kwa dakika ishirini jambo linaloingia kwenye sentensi mbili: jina mliloandikishwa nalo ndilo jina lenu, na anayetaka kulibadilisha ipo hati ya kufanyia hivyo, lakini hakuna anayelazimishwa. Hiyo ilipoa. Ikaja nyingine mbaya zaidi. Nilipokwenda kumweleza baba mdogo kwa nini nimezuia kitabu, nilijikwaa, nikasema nusu ya jambo la shangazi. Yaani baada ya yote hayo, mdomo ule ule! Wiki haikuisha, mtu mmoja kwenye ukoo, wala si yeye, akaanza kuuliza chinichini: kama dada mkubwa si damu ya mzee, nyumba ya Temeke anaingiaje? Nyumba ile babu alishamwandikia bibi, na shangazi ametoka tumboni kwa bibi, kwa hiyo swali halikuwa na miguu. Lakini lilitembea wiki tatu. Kabla ya kuchapa, hesabu nani atapoteza nini. Wengi tunahesabu heshima tu. Hesabu na vyumba vya kupangisha.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyeitisha kikao, Jumatatu ya Pasaka. Alivaa kile kitenge nilichompelekea. Sikujua nifurahi au nijifiche. Akasimulia yote, mara moja, bila kumtazama mtu. Alipomaliza palikuwa kimya mpaka tukasikia feni. Baba mdogo akauliza kitu kimoja tu.

"Dada, ulijua tangu lini?"

"Tangu kipaimara."

Ni zaidi ya miaka sitini. Sikumbuki kilichosemwa baada ya hapo, nakumbuka baba mdogo aliondoka mwisho, na alimsaidia kukunja mikeka, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya.

Toleo la pili niliandika kwa utaratibu mwingine, na huu ndio ningeomba uuchukue. Jumapili sita nilikwenda Temeke na simu ya kurekodia. Zamani nilikuwa narekodi simu ikiwa ndani ya mkoba. Safari hii ilikaa mkekani kati yetu, anaiona. Akisema "zima", nazima, na kilichosemwa ikiwa imezimwa hakiingii kitabuni hata kiwe kitamu vipi. Kila sura iliyomhusu nilimsomea kwa sauti kabla sijaenda kwa mhariri. Si kwamba alibadilisha mengi. Alinikataza kumpa mama yake machozi siku ya malipo: "Alihesabu hela, akazifunga kwenye kanga. Kulia alilia baadaye, na hukuwapo." Sura nne niliziandika upya. Ile ya mfuko wa kaptula niliifuta, na lazima nikiri, kitabu sasa kina kishindo kidogo kuliko cha kwanza. Mwalimu mstaafu anasema ni kizuri zaidi. Mimi bado sijaamua.

Kuna mambo mawili aliyoniomba. Majina yote yabaki ya uongo. Ila namba iliyoko kwenye kipande, ambayo mimi nilikuwa nimeibadilisha kwa sababu haikunikaa vizuri masikioni, irudi ile ya kweli. "Majina danganya," akasema. "Namba iache." Imeandikwa ukurasa wa 31. Msomaji mwingine ataipita tu.

Toleo likibadilika kiasi hicho linahitaji ISBN yake nyingine, kwa hiyo nilirudi Bibi Titi. Safari hii nilichapa nakala 100 tu, 7,500 kila moja, kwa hela ya dukani. Kwa wingi mdogo bei inapanda, lakini 100 unaweza kuzimaliza, na ukikosea umekosea kwa 750,000. Kikoba nilimaliza kukilipa Novemba. Hesabu ya jumla bado ni hasara na sijiongopei.

Zile za kwanza nilitaka kuzitoa. Mama anayeuza vitumbua nje ya duka langu aliniuliza kama ninauza karatasi, yeye hununua kwa kilo za kufungia. Tulishakubaliana bei. Halafu nikapata picha ya ukurasa wa 187 ukiwa na mafuta, mtu anakula kitumbua kwenye daladala ya Gongo la Mboto huku anasoma. Nikamwambia nimeghairi. Kuzichoma nako nilishindwa, si kwa kuzipenda. Jirani angeuliza.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa shangazi, tunakunywa chai. Akauliza vile vitabu vya kwanza viliishia wapi.

"Viko nyumbani, Shangazi. Chini ya kitanda."

Akapuliza chai yake, akanywa kidogo.

"Basi uwe unalala taratibu, mama."